Mshipi Usio na Ndoano

Wa kwanza kukata ndoano yake alikuwa Mwalimu Luhende, na aliyegundua ni mimi.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Wagonjwa wangu walikuwa wamekaa kwenye mawe ya Nyamurega, kila mmoja na jiwe lake, kila mmoja na mshipi wake umelazwa juu ya kidole cha shahada. Kazi yangu ni kupita nyuma yao na kopo la minyoo, nikiangalia nani chambo kimeliwa, nani mkono unatetemeka, nani amesahau kuwa yuko ziwani. Mimi si daktari. Mimi ni Nyangeta, mwanamke wa Kijita niliyekulia majini, elimu ya darasa la saba na mdomo mkubwa, na hapa kituoni naitwa mkufunzi wa uvuvi kwa sababu hawakupata jina jingine la kunipa.

Mwalimu Luhende alitoka Bariadi. Alikuwa akifundisha hesabu mpaka siku paa la darasa lilipomwangukia kichwani. Alipoletwa kwetu mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. Sasa anavua, ananisalimu kwa jina, ananitania kwamba minyoo yangu imekonda kuliko mimi. Asubuhi hiyo nikavuta mshipi wake ili nimbadilishie chambo, na kilichotoka majini ni chubwi peke yake, ile risasi ya kuuzamisha uzi. Uzi ulikuwa umekatwa kwa meno, karibu na fundo la ndoano.

Nikamuuliza ndoano iko wapi. Akaitoa mfukoni mwa shati, akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote za ualimu.

"Hii haifai," akasema. "Itamchana."

Nikamuuliza itamchana nani. Alifikiri sana. Nilimwona anatafuta jina na jina halipatikani. Mwisho akasema hajui ni nani, ila ndoano haifai, na akaushusha tena mshipi wake majini.

Nilikaa chini palepale. Jamani, mwaka na zaidi nimelala na kuamka nikijua kwamba siku hii inaweza kuja, na bado ilinikuta sijajiandaa.

*

Wacha nieleze kiunzi ni nini, maana watu wanasema mengi na wengi wanasema uongo.

Ubongo ulioumia mara nyingi haukosi akili, unakosa njia. Mtu anajua kijiko ni kijiko, lakini amri ya kukishika inapotea kabla haijafika mkononi. Wataalamu wakabuni utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, wakawa wanaupachika chini ya fuvu. Ndani ya utando huo huwekwa kiunzi, yaani mwenendo wa ubongo wa mtu asiyeumia, ulionaswa akifanya kazi moja ya mikono kwa saa sita bila kuinuka. Ubongo wa mgonjwa huota njia mpya kwa kukifuata kiunzi hicho, kama maharage yanavyoparamia mti uliosimikwa. Sharti ni moja: mgonjwa lazima afanye kazi ileile kila siku kwa mikono yake. Akikaa bure, hakuna kinachoota.

Walijaribu kusuka mikeka. Walijaribu kufinyanga. Kilichoshinda ni kuvua kwa mshipi, kwa sababu mvuvi wa mshipi anatulia na kukesha kwa wakati mmoja. Mwili umelegea, kidole kiko macho. Mtu aliyeumia kichwa amepoteza vyote viwili.

Shida ilikuwa kwamba wavuvi wa mshipi walikwisha zamani. Siku hizi sato anafugwa kwenye vizimba, boti za kulisha zinajiendesha, mtu anapanda tu kuangalia mitambo. Mwambao wetu wote alikuwa amebaki mmoja anayevua kwa kidole, naye ni kaka yangu Manyama.

Niliyewapeleka kwake ni mimi.

Wakati huo mume wangu Mafuru alikuwa amelala mwezi wa nane. Alikuwa fundi wa vizimba. Aliteleza juu ya mlingoti, akaanguka na kugonga kisogo kwenye chuma. Nilikuwa namlisha uji, ananitazama kama anavyotazama ukuta, na uji mwingine unashuka kifuani. Kituo kikatangaza kwamba mgonjwa wa familia itakayomtoa mvuvi atawekewa kiunzi wa kwanza. Mashine ya kunasia ilikuwa inazunguka mikoa, na kwetu ingekaa siku moja tu.

Siku tatu kabla ya mashine kufika, dhoruba ilipindua boti ya kulisha. Ndani alikuwemo Nyabise, binti pekee wa Manyama, miaka kumi na tisa.

Kwetu mtu akizama na hajazuka, hakuna anayetupa ndoano majini. Ndoano haichagui. Itamshika na kumchana mtu wenu. Ndugu hukaa juu ya mawe wakitazama maji mpaka azuke, na muda huo wote hakuna anayesema pole, kwa sababu msiba haujaanza. Asipozuka kabisa, ukoo huzika shina la mgomba badala yake, watu wananyoa, mambo yanaisha.

Nilimkuta Manyama juu ya jiwe. Nikamwomba. Akaniambia, mdogo wangu, mwanangu yumo humo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia atupe mshipi bila ndoano, chubwi tu. Wale wa mashine hawatajua, na yeye atakuwa amekaa anamngoja mwanawe kama alivyokaa sasa. Sijui alikubali kwa kumpenda Mafuru au kwa kukosa nguvu ya kubishana nami.

Wakamvika kofia ya nyaya. Alikaa saa sita hakugeuza shingo. Wataalamu wakashikana mikono kwa furaha, wanasema hawajawahi kunasa utulivu wa namna ile. Mmoja aliuliza mbona hakupata hata samaki mmoja, nikamjibu siku hizi ziwa limekauka samaki. Mwingine alikuwa na fomu. Akauliza, huyu bwana amefiwa karibuni?

Nikajibu hapana.

Nikajitetea moyoni kwamba si uongo. Maiti haijaonekana, msiba haujaanza, hajafiwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mila ya kumsaidia.

*

Kiunzi hicho waliwekewa watu thelathini na mmoja. Mafuru alikuwa wa kwanza.

Wiki ya tano ya kukaa kwenye mawe, nikiwa namlisha kama kawaida, aligeuza uso akasema, "Kasuku, uji huu una chumvi." Kasuku ndilo jina aliloniita tangu wiki tuliyooana, kwa ajili ya mdomo wangu. Nililia, nikacheka, nikamlisha uji wote na chumvi yake. Baada ya miezi sita alikuwa anajifunga vifungo mwenyewe. Baada ya mwaka alitengeneza kiti kilichovunjika mguu, akanikalisha juu yake, akasema kikivunjika tena kosa ni uzito wangu.

Manyama hakuyaona hayo. Kila wazee wa ukoo walipomfuata kuhusu mgomba aliwafukuza, na masika ya mwaka jana akafa, hajanyoa, hajazika.

Sasa tazama. Ndani ya wiki mbili baada ya Mwalimu Luhende, wengine tisa walikata ndoano zao. Mkuu wa kituo, Daktari Tunsume, mwanamke mpole wa kutoka Tukuyu, alifurahi. Aliandika kwamba wagonjwa wameanza kuwahurumia samaki, na kwamba huruma ni jambo la mwisho kurudi kwenye ubongo ulioumia. Alinisomea maneno hayo kwa sauti na kuniuliza naonaje. Mimi Kasuku nikajibu kwamba ni mazuri.

Sababu ya kunyamaza ninayo. Siku ya kwanza walitueleza sisi ndugu wa wagonjwa kwamba kiunzi hakiondolewi kabla ya miaka mitatu. Njia zinakuwa bado changa, zimekiegemea. Ukikichomoa mapema, vyote vilivyoota juu yake vinaanguka. Mafuru alikuwa na mwezi wa kumi na nne.

Jioni moja nilifungua kopo lake la chai. Ndani nilikuta ndoano kumi na moja. Kumbe alianza kukata kabla ya Luhende, akanificha. Alikuwa kibarazani anapiga msasa ubao. Bila kuinua kichwa akaniuliza yule binti anaitwa nani.

Nikamuuliza binti gani.

"Tunayemngoja," akasema.

Nikamwambia hakuna binti, aje ale chakula kinapoa.

*

Mwalimu Luhende aliinuka siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua kali. Nilikuwa mawe matatu nyuma yake. Aliukunja mshipi wake vizuri, akavua shati, akalikunja, akapanga viatu juu yake, halafu akaingia ziwani. Hakukimbia na hakupiga kelele. Mpaka ninaelewa ninachokiona maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Nilipiga yowe nikaingia na nguo zangu. Nikiwa majini niligeuka kuwaita wale wenye nguvu waje. Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa wamesimama juu ya mawe yao wamekodolea macho pale alipozamia, na nyuso zao, naapa, zilikuwa nyuso za matumaini. Droni ya uokoaji ilimnyanyua baada ya dakika sita. Alikuwa ameshakufa.

Tulipomlaza kwenye mchanga Mafuru alikuja akachuchumaa karibu yangu. Nilidhani anataka kunipa pole.

"Kamwona?" akaniuliza.

Kesho yake alifika mke wa Luhende. Alinisimulia kwamba Jumapili mumewe alimpigia simu akamkaririsha hesabu za saba mara ngapi, kwa mzaha, wakacheka mpaka salio la simu likaisha. Kisha akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa nilivyomtunza. Mimi nilishukuriwa. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari, kabla moyo haujapata nafasi ya kunishauri vingine.

*

Daktari Tunsume hakunifokea. Ningependa angefoka. Aliinuka akafunga mlango, akaniuliza mara tatu kama kweli nilijibu hapana kwenye ile fomu. Mara tatu nikasema kweli.

Nilimwuliza kama wanaweza kuondoa huzuni peke yake wakaacha mengine. Akasema kilichonaswa siku ile ni kitu kimoja. Utulivu ule ambao wataalamu waliusifu ndio huo huo ungojaji wa kaka yangu. "Chumvi ikishaiva kwenye uji huwezi kuitoa, mama," alisema. Hakujua amesema nini. Nilimwomba basi tuwapeleke mbali na maji. Akanijibu kwamba mmoja ameshapelekwa Dodoma na ndugu zake, na wamemkuta amekaa kando ya tangi la maji la jirani tangu asubuhi, hataki kuinuka.

Utaratibu unasema mgonjwa anayeweza kusema aulizwe mwenyewe kwanza. Wakaulizwa wote thelathini, mmoja mmoja, vyumba tofauti. Wote walikataa kuondolewa kiunzi, na wote walikataa kwa maneno yaleyale: bado hajazuka. Hapo ndipo nilipomwona daktari anaogopa. Aliniuliza swali ambalo naamini alijiuliza mwenyewe.

"Anayekataa hapa ni nani? Mgonjwa, au kaka yako?"

Baraza la kituo likaamua kwamba ndugu ndio watakaotia saini. Wengine walisaini siku hiyohiyo huku wanalia. Wengine waliwachukua watu wao wakaondoka nao. Kijana mmoja alinitemea mate, akasema mama yake amejifunza upya kumwita mwanangu, na mimi nataka kumnyang'anya. Sikujifuta mpaka alipokwisha kwenda.

Nilibaki na karatasi yangu.

*

Nilimfuata Mafuru kwenye jiwe lake alasiri, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Mashine, chubwi, fomu, hapana yangu. Alisikiliza kidole kikiwa juu ya mshipi. Nilipomaliza aliuliza jina la yule binti, na safari hii nikamwambia.

"Nyabise," akarudia. Akalirudia tena polepole. "Nyabise."

Nikamwambia huyo si mtoto wako. Ulikuwa humpendi hata, alikuvunjia redio.

Alicheka. Alicheka kicheko chake chenyewe, cha puani, nilichokijua kabla ya kiunzi chochote. "Aliivunja kweli," akasema. "Akaificha chini ya kitanda cha mama yako."

Habari ya kitanda Manyama hakuwahi kuijua. Tulikuwa tunaijua mimi na Mafuru tu. Kwa hiyo mume wangu alikuwemo mle ndani, mzima, na redio yake na kicheko chake. Ningefurahi kumkosa. Ingekuwa rahisi.

Akaniambia anajua kilio hiki si chake. Anajua kama mtu anavyojua kuwa viatu alivyovaa ni vya kuazima. Lakini amevivaa mwaka mzima, miguu imevizoea. Kisha akaniuliza lile swali, kwa utaratibu tu, kama anauliza nani atafunga mlango tukiondoka.

"Manyama amekufa. Mkinitoa mimi, mkawatoa na hawa, nani atamngoja?"

Nikatoa karatasi kifuani nikaikunjua mbele yake.

"Mimi sikubali," akasema. "Andika kwamba nimekataa. Halafu utafanya utakavyo, ndivyo ulivyozaliwa."

Niliikunja karatasi nikairudisha kifuani. Siku nne nilikaa nayo. Niliota mchana kweupe kwamba nitamlinda, nitamfunga kamba kiunoni, nitalala mlangoni, miaka miwili itapita na njia zitasimama zenyewe. Siku ya tano niliingia ndani dakika moja kuteremsha sufuria. Nilipotoka, kwenye jiwe kulikuwa na shati limekunjwa vizuri na viatu viwili juu yake.

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Nilimvuta kwa nywele. Alinipiga, yeye ambaye hajawahi kunipiga maisha yetu yote, alinipiga akiita jina la mtoto wa kaka yangu, mpaka walinzi walipofika.

Nilisaini nikiwa bado nimelowa. Kwenye nafasi ya maoni ya mgonjwa niliandika: amekataa.

*

Walikichomoa Jumatatu. Waliniambia ilikwenda vizuri.

Jumatano walinirudishia mume wangu kwenye kiti cha magurudumu. Nilimpikia uji. Nikatia chumvi makusudi, kijiko kizima, uji ambao hata mbuzi angeukataa. Nikamwekea kijiko mdomoni, nikangoja.

Akameza. Nikampa kijiko cha pili, akameza. Alinitazama kama anavyotazama ukuta. Nililia mbele yake kwa sauti, na hilo nalo halikumsumbua.

Wazee wa ukoo walikuja Jumamosi. Wamesikia yaliyotokea, wanasema sasa hakuna kisingizio, shina la mgomba limeshakatwa, tuzike tunyoe na wafu wapumzike. Niliwapikia chai. Niliwaambia mgomba utasubiri. Mmoja akaniuliza kwa hasira utasubiri mpaka lini, nikamwambia sijui, mimi nimeanza juzi.

Kila asubuhi nachukua mshipi wa Mafuru kutoka ukutani. Ndoano nilishaikata kwa meno, karibu na fundo, nikaacha chubwi. Namsukuma kwenye kiti chake mpaka jiwe la Manyama, namfunika miguu kwa khanga, naushusha uzi majini na kuulaza juu ya kidole changu. Saa sita nilizomkalisha kaka yangu nazikaa mwenyewe. Ni ndefu. Nilikuwa sijui kama ni ndefu hivyo.

Siku ya kwanza nilimwinamia sikioni, ingawa daktari amesema hasikii kwa maana ya kuelewa.

"Usijali," nikamwambia. "Wa kumngoja yupo."